Siku Hamsini za Pasaka Nyumbani na Mashambani



Katika ukurasa huu wa kila mwezi tumezoea kusema nanyi habari za nyumba ya Mkristu: malezi ya watoto, amani ya mume na mke, sala ya jioni na kazi ya mikono. Mwezi huu twapenda kusema habari ya siku hamsini za Pasaka, yaani tangu Dominika ya Ufufuko hata Dominika ya Pentekoste. Twasema habari hii kwa sababu imetuhuzunisha kidogo, na tena kwa sababu twaona ya kuwa dawa yake i karibu, wala haina gharama.

Ninyi nyote mwajua jinsi mambo yaendavyo. Usiku wa Kesha la Pasaka kanisa hujaa hata watu wakasimama nje. Moto mpya huwashwa gizani, Mshumaa wa Pasaka huingizwa kanisani, na kila mtu hupokea mwanga kwa jirani yake. Wakatekumeni hubatizwa na kuvikwa nguo nyeupe, kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi Kuu hulia tena, na akina mama hupiga vigelegele. Dominika inayofuata, viti vya nyuma vi wazi. Dominika ya tatu, viti vya katikati. Ikifika sikukuu ya Kupaa Bwana, mwalimu huwaona wazee, watoto wa shule, na watu wachache wanaokaa karibu na kengele. Basi, wengine wote wamekwenda wapi?

Kwa watu wa Mang'ula na wa bonde lote la Kilombero jibu si gumu. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na tarehe 25 Aprili, na hizo ndizo siku za masika yetu. Mawingu hujipanga juu ya milima ya Udzungwa, vijito hushuka kwa kishindo, na mto Kilombero hutanda bondeni. Mpunga uliopandwa huanza kuchanua na kutoa masuke, nao kwelea hawamngoji mtu. Ndipo jamaa nzima hukusanya masufuria na mikeka, wakahamia mashambani mbali na kijiji, wakakaa dunguni majuma mengi, wakiamia ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku. Na wale wanaolima chini ya mlima hukesha kwa ajili ya tembo, watokao katika hifadhi ya taifa ya Udzungwa iliyowekwa mwaka 1992.

Hatusemi kwamba watu hawa ni wavivu, wala kwamba wamemwacha Mungu. Mpunga ndio chakula cha mwaka, ndio nguo, ndio daftari za watoto na dawa za wagonjwa. Baba akiliacha shamba siku mbili tu, wakati mpunga ungali na maziwa, aweza kurudi akakuta makapi matupu. Lakini twauliza: Je, Bwana aliyefufuka amebaki kijijini peke yake? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi humpokea Bwana kama mgeni wa siku moja. Twamwimbia, twampambia kanisa kwa maua, twamchinjia kuku. Kisha Jumatatu twashika jembe sisi, naye twamfungia mlango wa kanisa. Kumbe, Injili yatufundisha ya kuwa siku ile ya tatu Maria Magdalena alimwona Bwana, akamdhania kuwa ni mtunza bustani. Bwana hakuona haya kudhaniwa mtu wa shamba. Mbona sisi twaona haya kwenda naye shambani?

Tena tuangalie hesabu ya Mama Kanisa. Kwaresima ametupa siku 40 za kufunga, na Pasaka ametupa siku 50 za furaha. Furaha imeizidi toba kwa siku kumi! Wala siku hizo hamsini si siku za kawaida zinazofuata sikukuu, bali zote pamoja ni kama sikukuu moja, kama Dominika moja ndefu. Ndiyo sababu Mshumaa wa Pasaka hausogezwi kando mpaka Pentekoste imekwisha, na Aleluya hurudiwa kila siku. Sisi twajua sana kufunga. Kushika furaha hatujajifunza bado. Mtu asiyeionja furaha ya imani yake, ataishikaje siku ya taabu?

Na taabu haikawii. Sikilizeni habari hii, ambayo tumeiandika bila majina, ili asitahayari mtu.

Baba mmoja alibatizwa usiku wa Pasaka pamoja na mkewe na watoto wawili. Alikuwa amefundishwa muda mrefu, tena alikuwa mwanafunzi mwema. Dominika ile ya kwanza alionekana, amevaa nguo yake nyeupe. Baada ya hapo hakuonekana tena. Ilipofika Dominika ya tano, mwalimu wa kigango alikasirika, akasema mbele ya watu, bila kutaja jina, ya kwamba wako wanaoutaka ubatizo kama mtu atakavyo nguo mpya, kwa kuonekana tu. Watu wakatazamana, kila mmoja alijua ni nani anayesemwa.

Jioni ile mzee mmoja akamwendea mwalimu, akamwambia kwa upole, “Mwalimu, umelisema shamba usilolifika.” Neno hili lilimchoma mwalimu. Kesho yake akavua viatu, akapita katika matope, akavushwa kwa mtumbwi mahali palipojaa maji, akafika kwa yule baba saa za alasiri. Alimkuta juu ya dungu, teo mkononi. Na juu ya kichwa chake, katika boriti, umefungwa mshumaa wa ubatizo ndani ya mfuko wa nailoni, usiloe.

“Karibu, Mwalimu,” akasema. “Twausha kidogo kila jioni, tukisha kula, tukasali Baba Yetu. Lakini umebaki mfupi, nami naogopa utakwisha kabla ya mavuno.”

Mwalimu hakuwa na neno. Akakaa chini. Ndipo yule baba akamweleza yaliyompata. Juma la tatu la Pasaka, usiku, mtoto wao mdogo alishikwa na homa kali, akaanza kutetemeka, macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Bibi yake mtoto, mama mzazi wa baba, ambaye bado hajaamini, akasema, “Hii ni degedege, mwanangu. Ukimpeleka akachomwa sindano, atakufa mikononi mwako. Tumwite mganga aliyekutibu wewe ulipokuwa mdogo. Au dini yako mpya yakukataza kumwokoa mwanao?”

Wasomaji wetu, tusimcheke bibi huyu. Alimpenda mjukuu wake, na alisema aliyoyapokea kwa mama zake. Tena tujiulize wenyewe: ni Wakristu wangapi wa miaka mingi, waliozaliwa katika nyumba za Kikristu, ambao usiku kama ule wangalimwita mganga kimyakimya, na asubuhi wakaja Misa? Yule baba alikuwa na majuma matatu tu ya Ukristu. Akasema, alisimama gizani, asijue la kufanya. Ndipo akampigia mama yake magoti, akamwambia, “Mama, sikudharau. Lakini twende wote watatu, wewe umbebe mtoto, mimi nibebe taa.” Wakavuka maji usiku, bibi amembeba mjukuu, mke akabaki kulinda shamba na mtoto mwingine. Walifika zahanati alfajiri. Mtoto alitibiwa, akapona. Bibi hakusema neno njia nzima ya kurudi. Ila walipofika dunguni aliuliza, “Huo mshumaa wenu huwashwa saa ngapi?”

Mwalimu aliporudi kijijini, Dominika iliyofuata alisimama mbele ya watu wale wale, akaomba msamaha. Twamsifu kwa hilo kuliko kwa mafundisho yake yote.

Sasa, kutokana na habari hii, twapenda kutoa mashauri machache kwa nyumba zetu.

Shauri la kwanza ni la mwili, maana Mungu ameumba mwili pia. Degedege mara nyingi huletwa na homa kali, hasa ya malaria, nayo yaweza kumwua mtoto upesi. Mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu chochote kinywani, mkampeleke kwenye zahanati au hospitali bila kukawia, hata usiku. Kutumia majani ya dawa ambayo wazee waliyajua si dhambi. Lakini kupiga ramli, kutafuta mchawi na kutambika ili kuituliza mizimu, hayo hayapatani na ahadi za ubatizo, tena humchelewesha mtoto afe. Na mnapohamia shambani, chandarua kiwe kitu cha kwanza kufungwa mzigoni. Watu wa Ifakara wana sifa katika jambo hili, maana tangu miaka ya 1950 mabingwa wamechunguza magonjwa ya bonde hili pale pale Ifakara, na tangu mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa katika Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Ilionekana wazi kwamba watoto waliolala ndani ya chandarua walipona wengi zaidi. Je, tutavitumia kijijini tu, na shambani penye mbu wengi tuviache?

Shauri la pili ni habari ya Dominika. Wengi hudhani ya kuwa asiyeweza kufika Misa kwa sababu ya ndege na maji amekwisha kuwa mbali na Mungu, naye kwa aibu huzidi kukaa mbali. Sivyo. Kanisa ni mama. Halimfungi mtu kwa jambo asiloliweza. Mtu aliyezuiliwa kwa sababu ya haki hana dhambi. Lakini tusiifanye sababu ya juma moja kuwa desturi ya miezi mitatu. Ikiwa watu watano wana mashamba jirani, je, haiwezekani jamaa mbili ziamie mashamba yote matano, na jamaa tatu ziende Misa, kisha wabadilishane? Baba aende Dominika hii, na mama Dominika ijayo. Aliyekwenda asirudi mikono mitupu: arudi na somo la Injili, awasimulie wenzake penye moto. Na siku wasipoweza wote, wakusanyike chini ya dungu moja, wasome Injili ya siku, wasali Rozari, wawaombee wagonjwa na marehemu. Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, walipokutana katika miaka ya 1973 na 1976, walisisitiza jumuiya ndogo ndogo za Wakristu ziwe msingi wa maisha ya Kanisa. Basi, jumuiya haifi kwa sababu imehama nyumba za bati ikaenda kwenye madungu.

Shauri la tatu ni sala ya nyumbani. Katika siku hizi hamsini hatusali Malaika wa Bwana, bali Malkia wa Mbingu, tukiwa tumesimama, kwa furaha. Sala hii ni fupi. Mtoto wa miaka sita huishika kwa juma moja. Mfundisheni wakati wa kuamia ndege, maana kazi ile ni ya kungoja, na mwenye kungoja ana nafasi. Jioni washeni mwanga, ikiwa mshumaa au taa ya chemli au ya jua, akumbuke kila mtu ubatizo wake. Na mshumaa wa ubatizo ukiisha, msihuzunike. Mwanga wenyewe haukuwa wa nta.

Shauri la nne ni Komunyo ya Pasaka. Tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, Kanisa limetuamuru kupokea Komunyo Takatifu angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka, na kuungama dhambi zetu kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Amri hii ni kama kina cha mwisho cha maji: chini yake mtumbwi hukwama. Wako wanaokwepa kwa sababu ya jambo lisilo sawa nyumbani: ndoa isiyobarikiwa, deni lisilolipwa, ugomvi wa mpaka wa shamba. Ndugu, Padre hakungoji kwa fimbo. Petro alimkana Bwana mara tatu. Kisha akarudi kwenye mashua yake, akavua usiku kucha asipate kitu. Bwana hakumkemea kwa kuwa ameshika nyavu. Alimfuata ufukoni, akawasha moto, akampikia samaki, na baada ya kula ndipo alipomwuliza mara tatu kama ampenda. Kwanza chakula, kisha swali. Anayemfanyia hivyo Petro hatakufukuza wewe. Jambo lako likiwa gumu, hasa la ndoa, mwone Padre mapema, lianze kutengenezwa. Usikae miaka kumi nyuma ya kanisa kwa aibu.

Shauri la tano ni la mavuno. Sikukuu ya Pentekoste hapo kale, kwa Waisraeli, ilikuwa sikukuu ya malimbuko ya ngano. Nasi mpunga wetu wa kwanza huiva karibu na siku hizo. Mtume Paulo alimwita Kristu mfufuka limbuko la waliolala. Mkulima alijua neno hili kuliko msomi, maana alionaye suke la kwanza lililoiva ajua ya kuwa shamba zima linakuja. Basi pelekeni limbuko kanisani, hata kibaba kimoja. Na baada ya kuvuna jihadharini na pombe na gongo, maana mwajua nyumba ambazo mpunga wa miezi sita umenywewa kwa majuma sita, kisha watoto wakaenda shule bila sare. Baba auze pamoja na mama, wahesabu fedha pamoja, wakisha kutenga mbegu na chakula. Hiyo nayo ni ibada ya Pasaka.

Kwenu ninyi waalimu tuna neno moja tu. Msiandike katika daftari yenu “amepotea” kabla ya kumtafuta mtu huyo. Wale wanafunzi wawili waliokwenda Emau walikuwa wakiondoka Yerusalemu, wamekata tamaa. Na Bwana hakuwangoja warudi, aliandamana nao njiani, akawasikiliza kwanza. Mwalimu wa Kilombero hana budi kuwa na viatu vya kanisani na miguu ya matope. Katika siku hizi hamsini, kila mwalimu awatembelee angalau Wakristu wapya wote wa mwaka huu, kila mmoja mahali anapolala. Na wasimamizi wa ubatizo nao wawasaidie. Kusimama kisimani usiku mmoja si kazi yote ya msimamizi.

Mtu asiseme kwamba mambo haya hayawezekani kwetu. Wakapuchini kutoka Uswisi waliposhika kazi katika nchi hii mwaka 1921, wakiwafuata Wabenediktini, barabara zilikuwa chache, na kwenda vigangoni kulikuwa ni kwa miguu na kwa mitumbwi. Katika vigango vya mbali Padre alionekana mara chache kwa mwaka, na imani ilishikwa na waalimu, akina mama, na wazee wa Kanisa. Kisha mwaka 1964 likawekwa Jimbo la Mahenge. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya miaka ya 1970 na 1975, ilipita hapa Mang'ula, ikaleta watu wa makabila mengi waliokaa pamoja. Na mwaka 2012 Ifakara ikawa jimbo lenyewe, likatolewa katika Mahenge, Baba Askofu Salutaris Libena akiwa askofu wake wa kwanza. Hayo yote yamekua kutoka katika imani iliyoshikwa wakati wa masika.

Tena tukumbuke mwaka 2025. Dominika ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, Baba Mtakatifu Fransisko aliwabariki watu, akiwa mgonjwa. Kesho yake, Jumatatu ya Pasaka, akafariki. Kanisa lilimlilia likiimba Aleluya. Na tarehe 8 Mei, kabla siku hamsini hazijaisha, likapewa Papa Leo wa XIV. Hivi ndivyo Pasaka ilivyo. Msiba haukuifuta, na kazi haikuifuta. Basi, kwelea nao wataifutaje?

Mtatuuliza habari ya yule bibi. Tulipopata habari zake mara ya mwisho, alikuwa akikaa na wengine penye mwanga wa jioni, hajasema neno la kuamini wala la kukataa. Mwanawe hamsukumi. Sisi nasi hatutaki kumaliza hadithi ambayo Mungu hajaimaliza. Mwombeeni.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema nanyi habari ya kuwaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza. Mpaka hapo, Bwana aliyefufuka akae nanyi nyumbani na dunguni, akawalinde ninyi, watoto wenu, na mpunga wenu.